Mswada wa Fedha wa Kaunti Ukija, Twende

Ukishusha gunia lako la kabeji sokoni alfajiri, askari wa kaunti anakukatia risiti kabla hujauza hata kichwa kimoja. Kiwango kile hakukibuni yeye, wala hakikuamuliwa na Bunge la Taifa kule Nairobi. Kimo kwenye jedwali la Sheria ya Fedha ya kaunti yako, iliyopitishwa na bunge la kaunti, alikoketi mwakilishi wadi wako.

Katiba ya 2010 ilizipa kaunti 47 mabunge yenye uwezo wa kutunga sheria kuhusu masoko, leseni za biashara, vileo, maji na chekechea. Madiwani wa zamani hawakuwa na nguvu hizo. Sheria zao ndogo zilisubiri idhini ya waziri. Lakini tuseme ukweli: nguvu hizi zinatumika kwa uvivu. Mswada wa fedha hukimbizwa, maana bila huo kaunti haina idhini ya kutoza ada. Ule wa kumlinda mchuuzi ukichelewa, hakuna anayeshtuka.

Na sisi tumo. Mwakilishi wadi tunampima kwa basari, mabati na mchango wa matanga. Ni lini mara ya mwisho tulimwuliza amewasilisha mswada gani, au alisema nini siku ada ya kibanda ilipopandishwa? Tumemgeuza mwenyekiti wa harambee, kisha tunalalamika hatungi sheria.

Najua utasema vikao vya kukusanya maoni ni vya soda na mkate, uamuzi ulishapitishwa zamani. Vingine ni hivyo kweli. Hata hivyo, mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Sheria nzima iliangushwa kwa kosa hilo moja.

Kesi ni ghali, lakini barua ya ukurasa mmoja haikufilisi. Usiandike tu kwamba ushuru umezidi. Andika gunia linatozwa kiasi gani sasa, mswada unataka kiasi gani, na wewe unabaki na faida gani ukishalipa usafiri. Mpelekee karani wa bunge la kaunti na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Maneno ya kikaoni hupotea kirahisi (na kipaza sauti chenyewe mara nyingi hakisikiki), ila karatasi yenye muhuri ni ngumu kuikana.

Mswada ukiletwa kwa Kiingereza kitupu, omba muhtasari kwa Kiswahili. Hiyo si fadhila: kwa ibara ya 7 ya Katiba, Kiswahili ni lugha rasmi. Wala si lazima usubiri kuitwa. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinamruhusu mtu yeyote kuliomba bunge la kaunti kutunga sheria, kuirekebisha au kuifuta. Wachuuzi wa soko moja, watu wa boda na vinyozi wa mtaa wanaweza kuketi na kuandika ombi lao wenyewe.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na miswada hii huja na msimu wa bajeti. Tangazo la kikao likibandikwa kwa chifu, mwambie jirani, fungeni kibanda nusu siku, mwende pamoja. Na mwakilishi wadi akija kuomba kura tena, mwulizeni kwanza kuhusu sheria, basari baadaye.