Padi moja, watu wanne
Banda la gemu la hapa kijijini Kilema lina padi moja nzima ya kuchezea, na watu wanne wanaisubiri. Lakini nchini Korea Kusini gemu ni ajira yenye ligi, mishahara na uwanja wa mashabiki, na hata mgeni aliwahi kutamba: Guillaume Patry wa Kanada alitwaa ubingwa wa gemu ya StarCraft huko mwaka 2000. Kwa majirani zetu yupo Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kama QueenArrow katika gemu ya ngumi ya Tekken, mwanamke wa kwanza wa Kenya kusajiliwa na timu ya ng'ambo. Vipaji tunavyo, kinachotuangusha zaidi ni intaneti. Ngumi ikichelewa nusu sekunde, mpinzani wa Seoul ameshakulaza chali. Wizara inayohusika na mawasiliano ianze na mtandao wa vijijini, mashindano yatafuata.