Sakafu Itokayo Jasho

Kwa fundi mwenye karakana ndani ya gereji ya nyumba yake, mwezi wa Julai huko Limuru ni mwezi wa hasara. Afunguapo mlango asubuhi huikuta sakafu ya simiti imekuwa nyeusi kwa maji, randa na misumeno imeshika kutu, na mbao alizozilaza chini zimepindika. Wengi hukimbilia dukani wakanunua rangi ya sakafu, na masika yajayo rangi hiyo hubanduka mapande mapande, kwa kuwa maji huisukuma kutoka chini.

Yapasa kwanza kujua maji yatoka wapi. Simiti, ijapokuwa ngumu, ina vinyweleo vidogo sana, nayo huyanyonya maji ya ardhini kama utambi unyonyavyo mafuta ya taa. Lakini kuna na unyevu wa hewani: hewa yenye mvuke igusapo sakafu iliyopoa usiku, mvuke hugeuka matone, kama ionekanavyo nje ya gilasi ya maji baridi. Dawa ya mmoja haimponyi mwenziwe.

Kuutambua si kazi. Hukatwa kipande cha nailoni cha sentimita 45 kila upande, kikalazwa sakafuni, kingo zote nne zikabandikwa kwa utepe wa gundi zisipitishe hewa, kikaachwa mchana na usiku. Maji yakiwa chini ya nailoni, au simiti ikigeuka nyeusi hapo, yatoka ardhini. Yakiwa juu yake, yatoka hewani. Sakafu mpya isipimwe kwa haraka, maana ile ya unene wa sentimita 10 huchukua miezi kadhaa kukauka.

Maji ya ardhini huanza kutibiwa nje: mifereji ya paa izibuliwe, udongo uliorundikana ukutani uondolewe, na mtaro uchimbwe upande wa mlimani. Hayo yasipotosha, hutandazwa nailoni nene juu ya sakafu yote, ikapandishwa kidogo ukutani, kisha ikamwagwa simiti mpya isiyopungua sentimita 7. Kwa anayejenga sasa, nailoni hiyo hiyo hutandikwa juu ya mchanga kabla ya kumwaga simiti, nayo gharama yake ni ndogo mno kulinganisha na kuirudia kazi.

Unyevu wa hewani hutaka busara tu. Mlango ufungwe wakati wa ukungu, ufunguliwe jua likiwaka. Mbao zilazwe juu ya magogo. Jiko la mafuta ya taa halifai kukaushia, kwani kila lita moja iunguayo huzaa mvuke wa maji upatao lita moja. Na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa huua mtu kwa hewa yake ya sumu.

Hata kabla ya kutengeneza sakafu, atumiaye keekee ya umeme asisimame juu ya simiti iliyolowa, hasa bila viatu. Asimame juu ya jukwaa la mbao kavu, na nyaya zote zitundikwe ukutani.