Goma: Kisu cha kukunja cha bei ndogo kipimwe kwa kifungio, si kwa kung'aa

Familia inapokimbia vita, vitu vinavyofika ni vile vilivyobebwa mkononi, kichwani ao mfukoni. Godoro hubaki nyumbani, jembe hubaki shambani, na sufuria kubwa mara nyingi hubaki njiani. Lakini katika mfuko wa suruali ya baba, ao katika fundo la kitenge cha mama, kuna kitu kidogo ambacho watu wengi hawakukiacha: kisu cha kukunja. Ndicho kinachokata kamba ya turubai usiku wa kwanza. Ndicho kinachomenya kiazi asubuhi na kufungua mfuko wa unga siku ya msaada, kama msaada umefika.

Mjini Goma visu hivyo vinauzwa chini, juu ya vitambaa vilivyotandikwa kando ya barabara, pamoja na tochi, kufuli, nyembe na chaja za simu. Vingine vinatembezwa mkononi na vijana wanaozunguka Birere na Soko la Virunga. Vingi vinatoka ng'ambo, vinang'aa, na havina jina la mtengenezaji ambalo mtu anaweza kulitegemea. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini mtu mwenye faranga chache hanunui duka kubwa, ananunua kile kinachopita mbele yake. Kwa hiyo swali si kama visu vya bei ndogo vinunuliwe ao visinunuliwe. Vinanunuliwa tayari. Swali ni kipi kinafaa, na wale walio navyo hawajibu kwa sauti moja.

Wasukuma chikudu wanavisifu. Kazi yao ni kufunga na kufungua mizigo kwa vipande vya mpira wa tairi, na kisu kirefu cha jikoni hakiwezi kukaa mfukoni bila kuchoma mguu. Cha kukunja hulala, kikihitajiwa kinaamka. Wauza samaki wa Kituku wanasema kinyume. Kwao kisu cha kukunja ni mchafu, kwa sababu magamba na damu huingia katika kiungo, na baada ya siku chache kinanuka hata kama kimeoshwa. Vijana wanaotengeneza simu na redio wanapenda vile vyenye vifaa vingi, mkasi, bisibisi na kifungua chupa pamoja. Lakini kati yao wapo wanaokiri kwamba bisibisi ilipinda kabla ya makali kuisha. Wakulima waliotoka Masisi ndio wakali zaidi. Wao wanaona kisu chenye kiungo ni kisu kilichokwisha vunjika kabla ya kununuliwa, na kwamba panga moja na kisu kimoja cha jikoni vinamtosha mtu.

Kila mmoja ana sababu yake. Hata hivyo, ukiyafuata malalamiko yote hadi mwisho, mengi yanarudi mahali pamoja, pale ambapo chuma kinakutana na mpini. Hapo ndipo kisu kinalegea, hapo uchafu unajificha, na hapo vidole vinakatwa. Kung'aa hakusaidii kitu hapo.

Visu vya kukunja havifungiki kwa njia moja. Kuna vile vya springi tu. Springi inakaza chuma kisijifunge ovyo, lakini ukisukuma ncha ndani ya kitu kigumu, chuma kinarudi na kufunga juu ya vidole. Kuna vile vyenye bati nyembamba ndani ya mpini. Kisu kikifunguka, bati hilo linasogea pembeni na kukaa nyuma ya chuma ili kisirudi. Likiwa nene na linakaa vizuri, ni salama. Likiwa jembamba kama kifuniko cha kopo, linateleza, na mwenye kisu anaambiwa kuna kifungio kumbe hakuna. Kuna pia vile vyenye pete shingoni, ambayo mtu anaizungusha kwa kidole mpaka chuma kikaze.

Mfano unaojulikana wa pete ni Opinel, kisu cha wakulima wa Savoie huko Ufaransa. Joseph Opinel alianza kukitengeneza mwaka 1890, na pete ya kufungia iliongezwa mwaka 1955. Ni chuma kimoja, mpini wa mbao, pini na pete, basi. Hakuna mkasi, hakuna kifungua chupa. Wenye nacho wanalalamika juu ya jambo moja hasa: mbao ikilowa inavimba, na kisu kinakuwa kigumu kufungua. Kwa mji wenye mvua kama Goma hilo si neno dogo. Lakini kisu hicho kimeishi zaidi ya miaka 130 kwa sababu hakikujaribu kufanya kila kitu.

Mfano wa pili unamgusa Mkongomani moja kwa moja, kwa sababu unabeba jina la mnyama wake. Kisu kinachoitwa Okapi kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, mwaka mmoja tu baada ya wataalamu wa Ulaya kumwandika okapi wa msitu wa Ituri katika vitabu vyao. Kilitengenezwa ili kiuzwe katika makoloni ya Ujerumani barani Afrika. Tangu miaka ya 1980 kinatengenezwa Afrika Kusini. Kwa hiyo mnyama yuleyule aliye kwenye noti ya faranga 1,000 amezunguka katika mifuko ya wafanyakazi wa nchi za mbali, watu ambao hawajawahi kuiona Epulu.

Wenye Okapi wanasema mambo yanayofanana. Bei yake ni ndogo. Chuma chake kinanoleka haraka, hata kwa jiwe la kawaida. Lakini kinashika kutu kama hakikaushwi, na pini yake inaweza kulegea. Aina moja ina meno ya kufungia yanayolia kisu kinapofunguliwa, na pete ya kuvuta ili kukifunga tena. Kule Afrika Kusini kisu hicho kina majina mawili. Kwa mkulima ni kisu cha kukatia nyama ya mchana, kwa mkaaji wa mitaa ya hatari ni kisu cha majambazi. Chuma ni kilekile, mikono ndiyo tofauti.

Mifano hiyo inafundisha jambo ambalo mnunuzi wa Goma anaweza kulitumia hata kama hataviona visu hivyo maishani. Mwenye pesa kidogo achague kisu chenye chuma kimoja na kifungio cha kweli, aache chenye vifaa kumi visivyo na nguvu. Kila kifaa kinachoongezwa bila bei kuongezeka kimepunguza chuma mahali fulani, na mara nyingi kimepunguzwa kwenye pini na kifungio. Anayenunua kisu kibaya mara tatu kwa mwaka amelipa bei ya kisu kizuri, na bado hana kisu.

Kukipima hakuhitaji fundi. Mnunuzi akifungue polepole na asikilize kama kinakaa. Atikise chuma kushoto na kulia. Kikicheza kikiwa kipya, baada ya mwezi kitakuwa mlango wa zizi. Kisha akishike kwa nje, vidole vikiwa mbali na njia ya makali, na kugonga taratibu mgongo wa kisu juu ya ubao. Kikijifunga, akirudishe kwa muuzaji hapohapo. Mwisho akifunge na aangalie kama ncha imeingia yote ndani ya mpini, kwa sababu ncha inayochungulia itatoboa mfuko, na baada ya mfuko itatoboa paja ao mkono wa mtoto anayetafuta biskuti. Muuzaji anayekataza kisu kisijaribiwe amekwisha jibu swali.

Wauza samaki nao wasikilizwe, maana Goma inajua kipindupindu. Kisu kinachokata samaki mbichi, kisha mpira wa tairi, kisha embe la mtoto, kinabeba uchafu wa vyote katika kiungo. Vifaa vya jikoni ambavyo Msalaba Mwekundu hugawia familia ya watu 5 huwa na kisu kimoja cha jikoni kisichokunjika. Hicho kibaki kwa chakula. Cha kukunja kiende na mtu njiani na kazini. Kikilazimika kukata chakula, kioshwe kikiwa wazi kwa maji safi na sabuni, kikaushwe kabla ya kufungwa. Mafuta ya mawese yasitiwe katika kiungo. Yanaganda na kushika vumbi. Tone la mafuta ya cherehani linatosha kwa muda mrefu. Kwa kunoa, mawe ya volkeno yaliyojaa Goma yana matundu na yanakula chuma. Jiwe laini la mtoni ni bora. Na anayekatwa, hasa kwa kisu chenye kutu, aoshe kidonda kwa maji na sabuni na afike kituo cha afya, kwa sababu pepopunda haiangalii udogo wa kidonda.

Linabaki jambo zito kuliko yote. Katika mji ambao watu wanapekuliwa njiani, kijana anayekutwa na kisu, hata cha kumenyea muwa, anaanza kujieleza. Wapo waliopoteza visu vyao hivyo, na wapo waliopoteza zaidi ya kisu. Si haki kumhesabu kila mwenye kisu kuwa mwizi, hasa mtu ambaye hana kabati wala jiko, na mfuko wake ndio nyumba yake. Kambi za pembeni ya Goma zilipofungwa Februari 2025, familia nyingi zilirudi kuanza upya kwa vitu vichache mno. Kuwanyang'anya kifaa cha kazi ni kuwaongezea umaskini.

Lakini wenye visu nao wana deni. Kisu chenye makali pande mbili, ao kinachoruka chenyewe kwa kubonyeza kitufe, hakikutengenezwa kwa ajili ya kazi ya nyumbani. Kiazi hakikimbii, hakuna anayehitaji kumwahi. Anayebeba kisu cha namna hiyo anawaharibia jina wasukuma chikudu na wamama wote wenye visu vya kazi. Kisu cha kazi kinabaki kimefungwa mpaka kazi ifike. Kinapewa mwingine kikiwa kimefungwa ao mpini ukitangulia. Hakiendi kwenye pombe, hakiendi mpirani, na hakitolewi katika ugomvi hata kwa mchezo. Usiku kinawekwa juu, mahali ambapo mtoto hafikii, hata kama nyumba ni turubai na mahali pa juu ni mti mmoja tu.

Methali inasema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Katika hema na vyumba vya kupanga vya Goma nyama ni nadra, na kisu kinazunguka toka jirani hadi jirani kwa kukata sombe na viazi. Wauzaji wanaombwa waache wateja wajaribu kabla ya kulipa. Wazazi wanaombwa wawafundishe watoto kushika kisu kabla hawajakiokota wenyewe. Na mnunuzi, kabla ya kutoa faranga zake, ageuze macho kutoka chuma kinachong'aa na kutazama kiungo. Hapo ndipo atajua kama amenunua msaidizi ao kidonda.