Asili ya Ribena

Ribena ni kinywaji cha rangi ya zambarau, nacho hujulikana na wazazi wengi, kwa kuwa tangu zamani hupewa watoto. Asili yake ni Uingereza, nayo ilitokana na kazi ya wataalamu wa ukulima.

Karibu na mji wa Bristol, mahali paitwapo Long Ashton, palikuwa na kituo cha uchunguzi wa matunda. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa huko, Bwana Vernon Charley, alikuwa akikamua matunda ya namna nyingi na kuyafanya sharubati. Mojawapo lilikuwa tunda dogo jeusi la kichaka cha nchi za baridi, ambalo wenye elimu huliita Ribes nigrum. Sharubati ya tunda hilo ilionekana kuwa na vitamini C nyingi sana. Kampuni ya H. W. Carter ya Bristol ikaanza kuiuza mwaka 1938, na jina Ribena likatwaliwa katika hilo jina la kitaalamu.

Mwaka uliofuata vita vilizuka. Nyambizi za Wajerumani zilizamisha meli nyingi, hata machungwa yakawa adimu Uingereza. Mtu akosaye vitamini C kwa muda mrefu hushikwa na kiseyeye, ufizi ukavimba na kutoka damu. Basi Serikali ikawahimiza wakulima kupanda vichaka hivyo kwa wingi, na watoto wadogo wakagawiwa sharubati ile bila malipo. Sifa ya Ribena ilijengwa hapo, na kwa haki.

Lakini mwaka 2004, huko New Zealand, wasichana wawili wa shule walipima vinywaji kadhaa katika somo la sayansi. Tangazo la Ribena lilisema kwamba tunda lake lina vitamini C mara nne kuliko chungwa. Maneno hayo yalikuwa kweli kwa tunda. Ila Ribena iliyouzwa tayari kwa kunywewa haikuwa na vitamini hiyo ila chembe tu. Mwaka 2007 kampuni ya GlaxoSmithKline, iliyokuwa mwenye Ribena wakati huo, ilikiri makosa 15 mbele ya mahakama ya Auckland, ikatozwa faini ya dola 217,500 za nchi hiyo.

Mwaka 2013 Ribena ilinunuliwa na Suntory ya Japani. Hata hivyo wakulima wa Uingereza waliendelea kuiuzia sehemu kubwa ya mavuno yao ya tunda lile jeusi.