SAA MBILI HAZILINGANI NA SAA MBILI

Wenzetu, sisi tushikao madaftari twajua jinsi hesabu iwezavyo kuwa safi na kazi ikawa ya dhuluma. Tazameni vyuo vya Uingereza vilivyopewa cheo cha chuo kikuu mwaka 1992. Mapatano ya walimu wao yaliweka mpaka: mafundisho yasizidi saa 18 kwa juma, wala saa 550 kwa mwaka. Kinga njema, lakini ni ya saa za kufundisha, karatasi za kusahihisha hazimo.

Basi mwalimu mmoja ana wanafunzi 30, wa pili ana 300, na daftari lawaandikia wote saa mbili. Ikiwa karatasi moja yataka dakika 20, wa kwanza atasahihisha saa 10, wa pili saa 100. Je, mkuu wa idara ajuaye kujumlisha athubutu kusema wamelingana? Hatukubali. Tena wako wanafunzi wenye shida wapigao hodi (na mlango wa mpole ndio ugongwao zaidi), nao hawana safu daftarini.

Twataka karatasi zihesabiwe, na daftari lote la idara libandikwe ukutani, kila mwalimu asome mzigo wake na wa mwenziwe. Asemaye kuwa jambo hilo litaleta fitina, na aonyeshe kwanza mzigo wake mwenyewe.