Kumcheka Mgogo

Ndugu msomaji, twawalaumu wakoloni waliowabebesha wenyeji mifuko ya gofu na kuwafungia mlango wa klabu. Ni haki yetu. Lakini mbona sisi watu wa pwani kila Mgogo twamwita ombaomba? Wajua habari za Mtunya, njaa iliyoikumba Dodoma mwaka 1917 hadi 1920? Majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Kisha mvua ikakosa. Maelfu walikufa. Je, huo ulikuwa uvivu? Surat Al-Hujurat, aya ya 11, yatukataza kuwacheka wenzetu, huenda wao ni bora kuliko sisi. Basi wakanye wanao leo: Mgogo huamkiwa, hachekwi.