Saa 24 za Mfiwa Zinahesabiwa kwa Saa ya Wapi?

Kifungu kipya cha mfuko wa kufa na kuzikana, kilichopitishwa na mkutano mkuu ambao akidi yake, yaani idadi ya chini ya wanachama inayofanya uamuzi uwe halali, ilitimia kwa taabu, kinampa mfiwa nauli kwa kigezo cha umbali wa anga kati ya London na Dar es Salaam, na kinamtaka afike msibani ndani ya saa 24 tangu apewe tiketi, la sivyo arejeshe nusu ya fedha.

Umbali huo, ukipimwa kwa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, ni takribani kilomita 7,500, ambazo ndege yenye mwendo wa kilomita 900 kwa saa ingezimaliza kwa chini ya saa tisa. Hata hivyo, safari za moja kwa moja za British Airways kati ya miji hiyo zilikoma mwaka 2013, na wanachama wamezoea kuunganisha ndege: anayepitia Addis Ababa huruka takribani kilomita 7,700, na anayepitia Doha hukaribia 9,000, mbali na muda wa kusubiri uwanjani.

Kasoro kubwa zaidi imo katika kuhesabu saa. Tiketi huandika saa za mahali, yaani saa ya London wakati wa kuondoka na saa ya Dar es Salaam wakati wa kufika, na pembeni ya saa ya kufika huwekwa alama ndogo ya +1 kuonyesha siku inayofuata. Tiketi ya kuondoka 21:30 na kufika 14:30 +1 ni safari ya saa 14 majira ya baridi, miji hiyo inapopishana kwa saa tatu, na ya saa 15 majira ya kiangazi, inapopishana kwa saa mbili. Kamati ikitoa namba moja kwenye nyingine hupata 17, na mfiwa hukatwa saa ambazo hakuzitumia. Kifungu hakisemi lolote kuhusu jambo hili, wala hakisemi msibani ni wapi. Mwenye kwao Songea anayetua saa nane na nusu mchana bado ana zaidi ya kilomita 900 za barabara, na akikosa basi hulala Mbezi, jirani na Stendi ya Magufuli, begi likiwa kichwani pake, huku saa 24 zikiisha.

Inasikitisha kwamba wenye kwao Dar es Salaam na wenye kwao mikoani sasa wanalaumiana kwenye kundi la WhatsApp, ilhali wengi wa pande zote mbili hawakuhudhuria siku ya kura. Katiba inaruhusu kifungu kurejewa kwa saini 20, zikifikishwa siku 14 kabla ya mkutano maalumu. Marekebisho yanayopendekezwa ni mafupi: saa zote zihesabiwe kwa saa ya Dar es Salaam, na hesabu iishie mfiwa anapotua, si anapofika kaburini. Fomu ipo kwa katibu, na hadi jarida hili linakwenda mitamboni ina saini tatu.